Kukokotoa Ukinzani na Nguvu ya Umeme kwa Kutumia Volti na Ampia: Mwongozo Kamili

Mtu akishapata vipimo viwili tu vya kifaa cha umeme, yaani volti zilizopo kati ya ncha zake mbili na ampia zinazopita ndani yake, anaweza kujua mambo mengine mawili bila kukifungua kifaa chenyewe: ukinzani wake na nguvu kinayotumia. Hesabu inayohitajika ni kugawanya na kuzidisha, na mwanafunzi wa shule ya msingi anaiweza. Kinachowashinda wengi, wakiwamo mafundi waliokwisha fanya kazi miaka mingi, ni kuhakikisha kwamba volti na ampia wanazozitia kwenye hesabu ni za kifaa kilekile, zimepimwa wakati uleule, kifaa kikiwa kazini. Hapo ndipo nitakapokaa zaidi katika mwongozo huu, kwa sababu kanuni isiyo na vipimo sahihi huleta jibu lenye sura nzuri lakini la uongo.

Maana ya kila kipimo

Volteji, inayopimwa kwa volti na kuandikwa V, ni msukumo unaozitembeza chaji, yaani chembe za umeme, kutoka ncha moja ya kifaa hadi nyingine. Kwa hiyo volteji siku zote hupimwa kati ya sehemu mbili. Hakuna volteji ya sehemu moja peke yake. Mkondo, unaopimwa kwa ampia, ni wingi wa chaji zinazopita mahali fulani katika kila sekunde. Alama yake ni I, herufi iliyotokana na neno la Kifaransa lenye maana ya ukali wa mkondo, na ndiyo sababu haifanani na neno ampia. Ukinzani, alama R, hupimwa kwa omu, nao hueleza jinsi kifaa kinavyouzuia mkondo. Nguvu, alama P, hupimwa kwa wati, nayo ni kasi ambayo kifaa kinabadilisha umeme kuwa joto, mwanga au mwendo.

Nguvu isichanganywe na nishati. Uniti tunazonunua na kuziingiza kwenye mita ni nishati: uniti moja ni kilowati moja iliyotumika kwa saa moja. Jiko la wati 1,000 likiwashwa saa moja hula uniti moja, na taa ya wati 10 itahitaji saa 100 kuimaliza uniti hiyohiyo.

Kanuni za msingi ni mbili:

R = V ÷ I
P = V × I

Ya kwanza inatokana na kazi ya Georg Simon Ohm, mwalimu wa Kijerumani aliyeichapisha mwaka 1827. Jambo moja katika majaribio yake linanivutia sana. Betri za wakati huo zilikuwa na volteji isiyotulia, nayo ilimharibia vipimo, basi akaziacha na kutumia kiungo cha metali mbili, shaba na bismuthi, upande mmoja ukiwa kwenye maji yanayochemka na mwingine kwenye barafu, ili apate msukumo usiobadilika. Kabla ya kuitafuta kanuni, alihakikisha kwanza kwamba vipimo vyake vinaaminika.

Hatua ya kwanza: kupima

Anayejifunza aanze na betri ya volti 12 na balbu ya taa ya breki ya gari yenye kuandikwa wati 21. Umeme wa nyumbani wa volti 230 unaua, na hauna nafasi katika somo la kwanza. Hata betri ya volti 12 inahitaji heshima: haitakupiga shoti ya kukudhuru, lakini waya ukigusa ncha zake mbili kwa pamoja mkondo unaweza kufika mamia ya ampia na waya ukawa mwekundu mkononi mwako. Weka fyuzi ya ampia 5 karibu na ncha chanya ya betri kabla ya kuunga kitu chochote.

Volteji hupimwa balbu ikiwa imewaka, kwa kuweka ncha mbili za multimita, yaani mita ya kupimia volti, ampia na omu, kwenye miguu miwili ya balbu yenyewe. Usipime kwenye betri ukadhani umepima balbu, kwa kuwa nyaya na swichi zilizopo katikati huchukua sehemu yao ya volti. Mkondo hupimwa kwa njia nyingine kabisa: mzunguko hukatwa mahali pamoja, kisha multimita huingizwa katika pengo hilo ili mkondo wote upite ndani yake. Waya mwekundu wa multimita huhamishwa kwenye tundu lililoandikwa 10A, na swichi ya kuchagulia huwekwa kwenye ampia za umeme wa betri.

Ukimaliza kupima ampia, rudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti papo hapo, kabla hata ya kuandika namba. Multimita iliyo kwenye tundu la ampia ni sawa na kipande cha waya mtupu, na siku utakapoisahau hivyo na kuigusisha kwenye soketi ya nyumbani utakuwa umeunganisha laivu, waya unaoleta umeme, na nyutro, waya unaourudisha, moja kwa moja. Fyuzi ya ndani itakatika ikiwa kifaa ni kizuri. Kikiwa cha bei ya chini sana kisicho na fyuzi ya maana, kinaweza kupasuka.

Hatua ya pili: kukokotoa

Tuseme balbu imewaka na multimita imeonyesha volti 12.4 na ampia 1.80. Basi:

R = 12.4 ÷ 1.80 = omu 6.89
P = 12.4 × 1.80 = wati 22.3

Nguvu iliyopatikana inakaribia wati 21 zilizoandikwa kwenye balbu, jambo linalotutuliza kwamba vipimo havijaenda kombo. Kipimo kikija kwa miliampia, kigawanye kwa 1,000 kabla ya kukitia kwenye hesabu. Kosa la kusahau hivyo huonekana mara moja, maana jibu hupotoka mara elfu.

Mtego wa kifaa kilichopoa

Kijana mmoja niliyekuwa nikimfundisha alimaliza zoezi hili vizuri, kisha akaamua kulihakiki kwa njia yake. Aliitoa balbu, akaweka multimita kwenye omu, akapima. Akaniita, "Fundi, njoo uone, mita imeharibika." Kioo kilionyesha 0.6. Alikuwa amekwisha pata omu 6.89 kwa kukokotoa, na sasa kipimo kilimpa chini ya moja ya kumi ya hiyo.

Mita ilikuwa nzima. Utambi wa balbu ni tungsteni, na ukinzani wa tungsteni hupanda sana kadiri unavyopata moto. Ukiwa baridi una omu chache. Ukiwaka kwa nyuzi joto zaidi ya 2,000 ukinzani wake huongezeka zaidi ya mara kumi. Nilimwambia akokotoe nguvu kwa kutumia zile 0.6 akapata volti 12.4 mara volti 12.4, gawanya kwa 0.6 (kanuni hii nitaieleza katika hatua ya tatu), yaani wati 256. Alicheka, kwa sababu balbu ile ndogo isingeweza kubeba wati hizo hata sekunde mbili. Lakini kwa kitambo kifupi mno inapowashwa, utambi ukiwa bado baridi, mkondo huruka kweli hadi karibu ampia 20, na hiyo ni sababu mojawapo ya balbu za utambi kukatika zaidi wakati wa kuwashwa kuliko zikiwa zimekwisha waka.

Kwa hiyo omu zinazosomwa kifaa kikiwa kimelala na omu zinazokokotolewa kutokana na volti na ampia kikiwa kazini zinaweza kutofautiana sana, na kinachokueleza habari za matumizi ni zile za kazini. Vifaa vya joto kama pasi, jiko la koili na birika havina tofauti kubwa hivyo, kwa sababu koili zake ni za nikromu, aloi ambayo ukinzani wake hubadilika kidogo tu kwa joto. Hivyo vinaweza kupimwa omu vikiwa baridi, alimradi vimechomolewa kabisa kwenye soketi. Usipime omu katika kitu chochote chenye umeme ndani yake.

Hatua ya tatu: kuzigeuza kanuni

Mara nyingi huna vipimo vyote viwili. Ukijua ukinzani na kimojawapo kati ya volti na ampia, kanuni zilezile mbili zikiunganishwa hutoa njia nyingine mbili za kupata nguvu:

P = I² × R
P = V² ÷ R

Kwa balbu yetu, 1.80 mara 1.80 mara 6.89 ni wati 22.3, na 12.4 mara 12.4 gawanya kwa 6.89 ni wati 22.3 zilezile. Wanafunzi huuliza inakuwaje katika moja ukinzani unazidisha na katika nyingine unagawanya, kana kwamba zinapingana. Hazipingani. Ya kwanza hufaa pale mkondo unapojulikana, kama kwenye waya ambao umelazimika kupitisha ampia zinazotakiwa na kifaa kilicho mbele yake; hapo ukinzani mkubwa ni joto kubwa. Ya pili hufaa pale volteji inapojulikana, kama kwenye kifaa kilichochomekwa katika soketi. Hapo ukinzani mkubwa hupunguza mkondo, na nguvu hupungua.

Birika la umeme na siku umeme unapokuwa mdogo

Chukua birika la umeme na usome chini yake. Mengi yanayouzwa kwetu yameandikwa 220–240V na 1850–2200W. Watu hudhani kiwanda hakikuwa na uhakika. Fanya hesabu uone:

220 × 220 ÷ 1,850 = omu 26.16
240 × 240 ÷ 2,200 = omu 26.18

Ni koili moja yenye omu zilezile. Kiwanda kimekueleza tu kwamba nguvu itafuata volteji utakayoipa. Kwa volti 230, nguvu ni 230 × 230 ÷ 26.17, yaani wati 2,021, na mkondo ni 230 ÷ 26.17, yaani ampia 8.79.

Sasa fikiria jioni ambayo kila nyumba mtaani imewasha jiko na taa, na volteji kwenye soketi imeshuka hadi 190. Kosa la kawaida ni kuchukua ampia 8.79 zilezile na kuzizidisha kwa 190, ukapata wati 1,670. Ampia hizo zilikuwa za volti 230. Volti zikishuka, ampia nazo hushuka, na kilichobaki palepale ni ukinzani. Hesabu sahihi ni 190 × 190 ÷ 26.17, yaani wati 1,379. Volteji imepungua kwa asilimia 17, lakini nguvu imepungua kwa asilimia 32, kwa kuwa upungufu umeingia mara mbili: kwenye volti na kwenye ampia.

Kupasha lita moja na nusu ya maji kutoka nyuzi 25 hadi 100 kunahitaji jouli 470,000 hivi. Jouli ni wati moja iliyotumika kwa sekunde moja, basi kwa wati 2,021 itachukua chini kidogo ya dakika 4, na kwa wati 1,379 itachukua karibu dakika 5 na sekunde 40, tukiacha joto linalopotea pembeni. Wapo wanaoamini kwamba umeme mdogo hula uniti zaidi kwenye birika. Nishati inayotakiwa na maji ni ileile. Kinachoongezeka ni joto dogo linalotoroka kwa sababu maji yamekaa jikoni muda mrefu zaidi.

Kwa kulikagua birika lisilopasha, lichomoe, bonyeza swichi yake iwe kama imewashwa, kisha pima omu kati ya pini ya laivu na ya nyutro. Zikisomeka karibu 26, koili ni nzima na ugonjwa uko kwenye soketi au waya wa ukutani. Mita isiposoma kitu, njia imekatika mahali fulani. Ikisoma karibu na sifuri, kuna nyaya zilizogusana, usilichomeke.

Plagi inayopata moto

Birika hilohilo linapitisha ampia 8.79, na tuseme soketi imelegea kiasi kwamba mguso kati ya pini na chuma cha ndani una ukinzani wa omu 0.3. Volti zinazopotea hapo ni 8.79 × 0.3, yaani 2.6 tu, na hakuna mtu atakayetambua kwamba birika limechelewa. Lakini nguvu ni 8.79 × 8.79 × 0.3, yaani wati 23. Hizo ni sawasawa na wati za kile chuma ambacho fundi redio hutumia kuyeyushia risasi, na zote zimekusanyika kwenye ncha ya pini moja iliyozungukwa na plastiki. Harufu ya plastiki inayoungua, na alama ya kahawia inayoanza pembeni ya tundu la soketi, hutoka hapo. Fyuzi haitakusaidia, kwa sababu mkondo haujazidi; kwa hakika umepungua kidogo. Dawa ni kubadilisha soketi.

Waya wa sola

Katika mifumo ya volti 12, kanuni ya I² × R ndiyo inayoamua kama mtu ataridhika na sola yake au atailaumu bure. Nyumba inahitaji wati 60 kwa taa na televisheni ndogo. Kwa volti 12, mkondo ni 60 ÷ 12, yaani ampia 5. Betri iko mita 15 kutoka sebuleni, na fundi ametandika waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, ule wa kawaida wa taa za nyumbani, ambao una ukinzani wa karibu omu 12.1 kwa kilomita. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo urefu wa kuhesabu ni mita 30:

Ukinzani wa waya: 0.030 × 12.1 = omu 0.363
Volti zinazopotea: 5 × 0.363 = 1.8
Wati zinazopotea: 5 × 5 × 0.363 = 9.1

Sebuleni zinafika volti 10.2 badala ya 12, televisheni inazima, na mwenye nyumba anaambiwa betri imekufa. Akibadilisha waya kuwa wa milimita 4 za mraba, wenye karibu omu 4.61 kwa kilomita, ukinzani wa njia nzima unakuwa omu 0.138, volti zinazopotea 0.69, na wati 3.5. Kuisogeza betri karibu na sebule nako kungesaidia vilevile, na pengine kwa gharama ndogo zaidi.

Waya uleule mwembamba ukibeba wati 60 kwa volti 230 unapitisha ampia 0.26 tu, na upotevu wake ni chini ya wati 0.03. Volti zikipanda, ampia hupungua, na upotevu hupungua kwa mraba wa ampia. Kwa hesabu hiyohiyo gridi husafirisha umeme kwa kilovolti nyingi, kama 132 au 220, na transfoma huushusha kwa hatua, ya mwisho ikiwa karibu na makazi.

Vifaa viwili kwenye ekstensheni moja

Vifaa vilivyochomekwa kwenye ekstensheni moja viko sambamba: kila kimoja hupata volti 230 kamili, na ampia zao hujumlishwa. Birika letu lina ampia 8.79. Pasi ya wati 1,200 ina 1,200 ÷ 230, yaani ampia 5.2. Jumla ni 14. Ukinzani wa viwili kwa pamoja ni 230 ÷ 14, yaani omu 16.4, ambazo ni chache kuliko za kifaa chochote kimojawapo. Kila unachoongeza kwa sambamba ni njia mpya ya mkondo. Fyuzi ya ampia 13 iliyo ndani ya plagi haikatiki papo hapo kwa ampia 14. Inaweza kuzibeba muda mrefu huku plagi ikizidi kupata moto, na ekstensheni nyingi zimeandikwa ampia 10 tu. Soma maandishi ya ekstensheni yenyewe, si ya plagi peke yake.

Vifaa vyenye mota

Yote niliyoeleza hapo juu yanahusu vitu vya joto, balbu za utambi na nyaya. Feni, friji na pampu ya maji zinahitaji uangalifu wa ziada, kwa kuwa koili za mota huuchelewesha mkondo nyuma ya volteji katika umeme wa gridi unaogeuka na kurudi mara 50 kwa sekunde. Ukipima feni ukapata volti 230 na ampia 0.40, zao la namba hizo, yaani 92, ni volti-ampia, na halipaswi kuitwa wati. Ili kupata wati, zidisha kwa kipengele cha nguvu, namba isiyozidi 1 ambayo mara nyingi huandikwa kwenye kibandiko cha mota kwa alama ya cos φ. Ikiwa ni 0.7, feni inatumia wati 64. Vivyo hivyo 230 ÷ 0.40, yaani 575, si omu utakazozisoma ukipima koili za feni iliyochomolewa. Mita itaonyesha pungufu, kwa sababu sehemu kubwa ya kizuizi huzaliwa na usumaku wa koili wakati umeme unapita.

Ampia za vifaa vya nyumbani zipimwe kwa mita ya klampu inayobana waya bila kuukata, na mtu aliyezoea kazi ya umeme ndiye azipime. Klampu ibane waya mmoja peke yake, ama laivu ama nyutro. Ukibana waya mzima wa kifaa, wenye laivu na nyutro ndani yake, mikondo miwili inayokwenda pande tofauti hufutana, mita husoma sifuri, na utadhani kifaa hakitumii umeme ilhali mota inanguruma mbele yako.